Kilti ya Siku za Kazi

Dingwall, 2 Machi 1993

Mdogo wangu Lachie,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, ila masikio ndiyo yamezidi kuniasi, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Juzi ulipopiga nilisikia neno "paka", nikashinda siku nzima nikijiuliza ni paka gani, na wewe hujawahi kufuga hata kuku.

Nina jambo. Catriona ameniandikia kwamba amekuona mjini umevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, na si mara moja. Mara ya kwanza alidhani unatoka harusini. Mara ya pili ilikuwa Jumanne, umebeba maziwa na mkate. Mara ya tatu alikuwa na wenzake wa benki. Walikucheka, naye hakuwaambia kwamba wewe ni mjomba wake. Hilo la mwisho limemuuma, usimkasirikie.

Lachie, una miaka hamsini na tisa. Baba alivaa kilti jeshini kwa sababu alipewa, akaivaa tena siku aliponioza kwa Alasdair. Baada ya hapo ikaingia kabatini na vidonge vya kufukuzia nondo, na mpaka leo iko kwangu. Nimekwenda kuitazama ili nihakikishe. Sasa hiyo yako umeitoa wapi? Binamu Neil anasema umeingia siasa. Mke wa mchungaji ananiuliza kama umepata mchumba. Mimi nimechoka kusema sijui.

Harusi ya Catriona ni tarehe kumi na tisa Juni. Siku hiyo wanaume wote watavaa kilti za kukodi, hata wale wenye miguu kama korongo, na hakuna atakayecheka. Harusini ni vazi la heshima. Kwenye foleni ya mkate ni kituko. Na kwa kuwa baba yake hayupo, wewe ndiye utakayemshika Catriona mkono kuingia kanisani. Sitaki watu waanze kunong'onezana kabla hata hamjafika mbele.

Niambie kuna nini.

Dada yako,
Effie


Dundee, 9 Machi 1993

Dada Effie,

Sikusema paka. Nilisema kupaka. Dukani tulipokea rangi mpya za kupaka madirishani, ndiyo nilikuwa nakusimulia.

Kilti nimeinunua kwenye duka la mitumba karibu na stesheni. Ni ya kijani iliyokolea, karibu nyeusi, na mistari ya buluu. Si ya ukoo wetu na wala sijui ni ya ukoo gani. Kuna mzee mmoja amenisimamisha mara mbili barabarani kunieleza kwamba sina haki ya kuvaa mistari ya ukoo wa watu. Mara ya pili nilimwambia, "Basi nitajie jina la ukoo huo, nibadilishe langu." Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Sababu ni ndogo. Nimenenepa, suruali zinanibana. Kilti ina mikanda, unalegeza. Hakuna siasa, hakuna mchumba.

Umesema umechoka kusema sijui. Ngoja nikwambie na mimi ninavyoshinda.

Asubuhi, kabla sijafika kituoni, kuna watoto wa shule. "Babu, angalia upepo." Nikipanda basi, dereva, "Harusi ya nani leo?" Dereva yule yule, kila siku, harusi ya nani. Siku za mwanzo nilimjibu. Sasa namwonyesha tiketi na kwenda kukaa. Nikikaa, naweka miguu sawa na kukunja marinda vizuri kama msichana, na kuna mtu mbele yangu anayetazama kama nitakosea.

Dukani Bwana Geddes, mwenye duka, aliniita pembeni wiki ya kwanza. "Lachlan, hii itaendelea mpaka lini?" Nikamwambia mpaka ninunue suruali inayonitosha. Tangu hapo ameona wateja wanaongezeka kidogo, hasemi tena.

Wabaya ni akina mama wanaokuja kuchagua karatasi za ukutani. Mwanamume akinitania, nikimtazama machoni anaona haya. Lakini mwanamke wa miaka sabini ananiuliza mbele ya watu ndani nimevaa nini, kisha anacheka mpaka anashika kaunta, na mimi natakiwa nicheke naye kwa sababu ananunua. Jumamosi mmoja aliinama kabisa. "Nichungulie, mpenzi?" Nikamwambia, "Mama, tafadhali usifanye hivyo." Akawageukia wenzake, "Basi kumbe kuna kitu." Duka zima likaangua kicheko.

Swali ni hilo hilo moja, dada. Nimeulizwa na polisi. Nimeulizwa na daktari wa meno nikiwa nimeachama mdomo na siwezi kujibu. Kila mmoja anadhani ndiye wa kwanza kulifikiria, na anasubiri nifurahi.

Halafu kuna wanaonisifu. Anayenisifu ananichosha kuliko anayenicheka, kwa sababu hana haraka. Anakushika mkono, anakwambia kama wanaume wote wangekuwa kama wewe nchi hii ingesimama, pumzi yake inanuka bia, na basi lako linaondoka. Watalii wanataka picha. Mzee wa vita alinipigia saluti, akaniuliza kikosi. Nikamwambia sikuwa jeshini, nauza rangi. Uso wake ulivyoanguka, ningeweza kuivua pale pale nimpe.

Siku hizi nanunua maziwa duka la mbali, kwa yule Mhindi. Yeye hasemi neno. Ananipa chenji na kuniambia kuna baridi.

Catriona sina hasira naye. Ningekuwa na wenzangu wa benki, hata mimi ningetazama upande wa pili.

Mdogo wako,
Lachie


Dingwall, 15 Machi 1993

Lachie,

Mtu aliyenenepa hununua suruali kubwa. Zinauzwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasimulia mateso ya ukurasa mzima, na sababu umeitolea mistari miwili. Mimi ndiye niliyekuwa nakufunga kamba za viatu. Nakujua ukisema kweli na nakujua ukiwa umeficha kitu mgongoni. Ni pombe? Kama ni pombe sema, ukoo wetu si wa kwanza.

Mama wa bwana harusi, mama yake Ewan, alikuja Jumapili na keki. Ni mama mzuri lakini ana macho. Aliniuliza, "Huyo kaka yako wa Dundee, tumesikia anapenda sana utamaduni." Neno "utamaduni" alilitamka kama anashika panya kwa mkia. Nikamwambia ndiyo, anapenda. Nikammiminia chai.

Ninachokuomba ni kidogo. Vaa suruali mpaka Juni. Watu watasahau, watu husahau haraka wakipata kingine cha kusema. Siku ya harusi vaa kilti yako hiyo ya mitumba, nitakupigia pasi mwenyewe.

Ukikataa nitajua unanificha jambo, na mimi tangu ugonjwa wa Alasdair sina tena nguvu za kufichwa. Alinificha miezi sita. Kila nikimwuliza, ni mgongo. Nikimsikia chooni usiku anasimama muda mrefu, ni mgongo. Nilipokuja kuambiwa ukweli, niliambiwa na daktari kijana ambaye alidhani najua.

Dada yako,
Effie


Dundee, 27 Machi 1993

Dada Effie,

Si pombe.

Suruali siwezi. Na nimefikiri, ni afadhali Hector ampeleke Catriona kanisani. Ni ndugu wa baba yake, ana haki. Kanisa lenu lina ngazi nyingi na ibada ndefu, na mimi siku hizi sipendi kusimama mbele ya watu.

Usiniulize zaidi, tafadhali. Nimeulizwa vya kutosha huku.

Lachie


Dingwall, 3 Aprili 1993

Lachlan,

Hector ameshaambiwa. Amefurahi. Catriona alilia, lakini hilo halikuhusu tena.

Kiti chako kitakuwepo ukitaka kukikalia.

E.


Dundee, Jumapili, 18 Aprili 1993

Mama,

Kaa chini kwanza. Mjomba ameniomba nisikwambie, nikamwambia sawa, na sasa nakwambia. Atanisamehe baadaye.

Jana wenzangu wa benki walinitoa kama wanavyofanya kwa kila anayeolewa. Unayajua mambo yenyewe. Walinivika pazia kichwani kama shela, wakanitundikia maputo na vikopo mgongoni, wakanibebesha poti la plastiki la watoto lenye chumvi ndani, tukazunguka mjini mchana kweupe wakipiga masufuria. Mwanamume anayepita anatia sarafu kwenye poti, anapewa busu shavuni. Tulishakunywa kidogo, si sana. Shona ndiye aliyekuwa kiongozi, yule mrefu wa dirisha la fedha za kigeni.

Tulipofika karibu na kituo cha basi, nikamwona mjomba. Amesimama na mfuko wa viazi, amevaa kilti. Na yeye aliniona. Mama, alichofanya ni kugeuka atazame ratiba ya mabasi ukutani, ili nisilazimike kumsalimu. Nilielewa kabisa kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Na nikakubali. Nilitaka tupite.

Shona akasema, "Huyu hapa, wa kilti. Leo tutajua." Kabla sijafungua mdomo alishafika nyuma yake, akashika marinda kwa mikono miwili na kuyainua mpaka kiunoni.

Hana kitu cha kuchekesha ndani, mama. Amevaa kaptura nyeupe ya kawaida kama ya baba. Na kwenye paja la kushoto amefungwa mfuko wa plastiki, umejaa nusu, na mpira unaotoka juu kuingia ndani ya kaptura. Ni mfuko wa mkojo. Kila mtu pale kituoni aliuona. Masufuria yalinyamaza moja moja.

Shona alikuwa bado ameshika kitambaa, kama mtu aliyesahau namna ya kuachia. Mjomba hakupiga kelele. Alimtoa vidole taratibu, akashusha marinda, akayanyoosha. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, mama. Umeshaona. Waambie na wengine, nipumzike." Basi likaja, akapanda.

Nilimpa Shona poti, nikapanda nyuma ya mjomba, na pazia langu na maputo yangu. Dereva akamwuliza, "Leo ni harusi yako kweli?" na mjomba akamwonyesha tiketi, akaenda kukaa.

Nyumbani kwake alinitengenezea chai. Akaimwaga mezani, nikafuta. Ni tangu Novemba. Usiku mmoja mkojo uligoma kabisa, akapelekwa hospitali akiwa anahema. Ni tezi dume. Walimwekea mpira na kumwambia atakuwa nao mpaka afanyiwe upasuaji, na foleni ni ndefu. Alianza kwa kuvaa suruali. Mpira unakunjika akikaa, unamuuma, na mfuko unaonekana kama amevimba mguu. Halafu mwezi wa Desemba mfuko ulifunguka dukani, kwenye suruali yake ya kijivu, mbele ya foleni ya watu. Walinyamaza wote, na mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni. Siku ya pili yake akaenda kununua kilti. Sufu, nzito, rangi ya giza. Hata ikilowa haionekani.

Nikamwambia, "Lakini mjomba, wanavyokucheka." Akasema, "Wakicheka kilti, hawatafuti kingine. Ile siku ya suruali hakuna aliyecheka, Catriona. Ningetamani wangecheka."

Nilimwuliza kwa nini hajakwambia. Akasema, "Mama yako akisikia neno tezi, atamwona baba yako tena kitandani. Ngoja nijue kwanza kama ni saratani kama yake." Hajui bado, mama. Hawawezi kujua mpaka wamkate.

Ndiyo maana alikataa kanisani. Anaogopa ngazi, anaogopa mfuko ujae katikati ya ibada. Usimwandikie kwa ukali tena. Na usimwambie nimesema.

Mwanao,
Catriona


Dingwall, 30 Aprili 1993

Mdogo wangu Lachie,

Natumaini hujambo. Huku kuna mvua tu. Nilikuwa nasafisha kabati, nikaona ile kilti ya baba imekaa bure kwenye naftalini, nikaona nikutumie. Kama mtu anavaa kilti kila siku ni vizuri awe nazo mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Hiyo yako ya mitumba lazima imeanza kuchoka.

Nimeirekebisha kidogo. Nimesogeza mikanda ili ilegee kiunoni bila kuteremka. Ndani nimetia bitana ya pamba laini, kwa ajili ya baridi. Upande wa kushoto, ndani, utakuta nimeshona kama mfuko mrefu hivi, una vifungo viwili juu na upenyo chini. Utaona mwenyewe wa kuwekea nini. Ukiona haufai, ufumue, uzi wake ni mwepesi. Kitambaa ni kinachofulika kwa maji ya moto.

Ibada mchungaji amesema ataifupisha. Nilimwomba kwa sababu ya miguu yangu mimi. Na kanisani kuna mlango wa ubavuni usio na ngazi, karibu kabisa na msalani, ambao bibi harusi akitaka anaweza kuingilia. Catriona anaupenda huo kuliko wa mbele. Anasema una mwanga mzuri wa picha.

Hector anaumwa kiuno. Hawezi kutembea na mtu mkononi. Kwa hiyo tumebaki bila mtu, nakujulisha tu.

Kula vizuri.

Dada yako anayekupenda,
Effie


Dundee, 8 Mei 1993

Dada Effie,

Kifurushi kimefika. Nimekaa nacho mezani jioni nzima.

Catriona hawezi kutunza siri hata ukimfunga mdomo. Ni sawa. Nimeona mfuko na nimeujaribu. Unakaa vizuri kuliko mikanda ya hospitali, ile ya mpira inakata nyama. Leo nimetembea mpaka mtoni na kurudi. Sijafanya hivyo tangu mwaka jana.

Nilitaka kukwambia. Kila nilipoanza barua niliona mikono yako siku zile za Alasdair, ilivyokuwa imekauka kwa sabuni. Nikaandika habari za watu wanaonicheka, ambazo ni za kweli pia.

Upasuaji walisema Mei. Sasa wamesema Agosti. Kwa hiyo kama nitakuja, nitakuja na vyote nilivyo navyo.

Hector alinipigia simu jana jioni kuniuliza habari za mechi ya kandanda. Alisema ametoka uani kupasua kuni. Mwambie kiuno chake kipone taratibu. Nitampeleka mimi Catriona.

Dukani wameshasikia. Ilichukua siku mbili. Bwana Geddes amenipa kiti nyuma ya kaunta, hakusema ni cha nini. Akina mama wa karatasi za ukutani sasa wananiita "Bwana Beaton" na kunena kwa sauti ya chini kama tuko kanisani. Nilidhani nitaona nafuu wakiacha. Nimeona tu ni aina nyingine ya kutazamwa.

Lachie


Dingwall, 29 Juni 1993

Mdogo wangu,

Miguu imeshuka uvimbe, sasa naweza kukaa na kuandika. Keki imebaki nusu, nakutumia kipande, usiache kikauke.

Hatukupata nafasi ya kuzungumza sawasawa siku ile, na ungenifanya nilie mbele ya mama yake Ewan, jambo ambalo sikulitaka. Mlivyoingia kwa ule mlango wa ubavuni nilisahau kabisa kwamba kuna kitu cha kuogopa. Niliona kilti ya baba tu inatembea.

Ulipotoka mara ya pili wakati wa hotuba, mjomba wake Ewan, yule wa Aberdeen mwenye sauti, alisema, "Huyu bwana mbona anatoka toka, ana nini huko ndani ya kilti?" Meza ikacheka kidogo, maana hawakujua. Wanaume kumi na wanne wamevaa kilti pale, na swali likaenda kwako. Catriona alikuwa anakula. Aliweka uma chini, akamwambia, "Ana mgonjwa anayemhudumia, baba. Yeye mwenyewe." Akaendelea kula. Yule bwana alikuwa mwekundu mpaka masikio. Alipokuletea kile kiti chenye mto ulidhani ni ukarimu. Si ukarimu.

Uliniuliza kwenye gari yule msichana mrefu wa gauni la njano ni nani, aliyekuletea sahani ya nyama na kusimama kama anasubiri kitu. Nilikujibu simjui. Nilikudanganya. Ni Shona. Catriona hakutaka kumwalika, mimi ndiye niliyesema aje. Alinifuata jikoni, akaniambia yeye ndiye, akalia sana, rangi za macho zikamshuka mpaka kidevuni. Nikamwambia mimi si wa kuombwa msamaha, nenda kwake. Akasema hawezi, maneno hayatoki. Nikamwambia basi kama huwezi kusema, mpelekee chakula. Akachagua nyama mwenyewe.

Nimeona nikwambie, usije ukasema tunakuficha vitu.

Effie


Dundee, 6 Julai 1993

Dada Effie,

Nilimjua alipoingia tu mlangoni. Uso wa mtu aliyekuinulia nguo barabarani hausahauliki. Nilikuuliza ili nione kama na wewe unajua.

Nyama niliila yote. Ilikuwa imepoa kwa sababu alisimama sana. Nilimwambia asante, akasema karibu, tukaishia hapo. Sina neno naye. Kusema kweli sina nguvu ya kuwa na neno na mtu. Nilikuwa nahesabu ngazi za ukumbi tu.

Upasuaji ni tarehe kumi na saba Agosti. Usije. Safari ni ndefu na hospitali hutaipenda. Catriona atakuwepo.

Keki nimekula.

Lachie


Dundee, 12 Agosti 1993

Mama,

Mjomba anasema usije. Mimi nasema treni ya saa tatu asubuhi Jumatatu, nitakupokea stesheni. Utalala kwetu. Usimwambie.

Catriona


Dundee, Jumatatu, 20 Septemba 1993

Dada Effie,

Majibu yamefika Ijumaa. Si saratani. Tezi ilikuwa imekua tu kama inavyokua kwa wazee wengi, wameipunguza, basi. Nilitaka kukupigia simu nikaona utasikia kitu kingine na kuanza kulia bila sababu. Catriona atakuwa ameshakufikishia kabla ya barua hii, maana tunamjua.

Daktari alilisema haraka huku anatafuta kalamu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia asante, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la nje karibu na watu wanaovuta sigara. Nilidhani nitafurahi. Nilisikia usingizi tu.

Nakushukuru kwa zile siku nne ulizokaa kando ya kitanda ukifuma soksi bila kusema. Nilikuwa nakuona hata nilipofumba macho. Manesi walidhani wewe ni mke wangu, nikawaacha.

Leo nimerudi kazini, na leo nimevaa suruali. Ile ya kijivu. Nimepungua, nimelazimika kuifunga mkanda. Kilti ya baba nimeifua kwa maji ya moto kama ulivyosema, nimeitundika. Mfuko sijaufumua.

Nimetembea mpaka kituoni na hakuna aliyenitazama. Watoto walikuwepo, walikuwa wanarushiana kofia. Nimepanda basi, nimekaa miguu ikiwa popote. Sikujua kwamba mwili unaweza kuchoka kwa kutazamwa mpaka leo nilipokaa bila kutazamwa, nikahisi mabega yanashuka yenyewe. Nilipitiliza kituo changu.

Lakini kuanzia dukani, mambo yalibadilika. Bwana Geddes ndiye aliyeanza, kwa upole, "Lachlan, hujisikii vibaya?" Halafu mteja mmoja wa siku nyingi. Halafu msichana anayeuza pai za mchana, akanionyesha suruali kwa kidole, "Vipi, mzee, unaumwa?" Jioni nikakutana na Bi Petrie wa ghorofa ya chini. Tumekuwa tukipishana kwenye ngazi hizi tangu nilipohamia, salamu tu. Alikuwa amebeba viazi. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Bwana Beaton, unaumwa?"

"Kwa nini?"

"Nimekuona umevaa suruali."

Nikamwambia, "Nilikuwa naumwa. Sasa nimepona."

"Ulikuwa unaumwa lini?"

"Tangu Novemba."

Alifikiri. Nilimwona anarudi nyuma mwezi kwa mwezi. Akasema, "Mbona tulikuwa tunacheka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mlikuwa mnacheka."

Alisimama pale na viazi vyake. Nikamchukulia mfuko mpaka mlangoni kwake kwa sababu ulikuwa mzito. Kisha nikapanda juu, nikavua viatu, nikalala kabla hata giza halijaingia. Nimeamka sasa hivi, ndiyo nakuandikia.

Mdogo wako,
Lachie